Angklung: Ala ya Mwanzi ya Wasunda

Mwezi Novemba mwaka 2010, kamati ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, ilikutana mjini Nairobi, Kenya, kuamua ni mila na sanaa zipi ziandikwe katika orodha ya urithi wa binadamu. Miongoni mwa zilizopitishwa ilikuwamo ala ya mwanzi kutoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi, iitwayo angklung. Indonesia ilizipokea habari hizo kwa furaha, na furaha hiyo haikuwa ya wanamuziki peke yao. Kwa miaka kadhaa Waindonesia na jirani zao wa Malaysia walikuwa wakilumbana juu ya nyimbo, ngoma na vitambaa ambavyo kila upande ulivihesabu kuwa vyake, na angklung nayo iliingizwa katika ugomvi huo.

Ajabu ni kwamba ala hiyo iliyogombaniwa na mataifa haiwezi kumtosha hata mtu mmoja. Msikilizaji ambaye hajapata kuiona asidhani kuwa ni marimba, wala si kayamba ingawa hutikiswa kama kayamba. Ni vipande viwili, vitatu au vinne vya mwanzi, vilivyochongwa upande mmoja hata vikabaki kama ndimi, vikaning'inizwa katika kiunzi na kufungwa kwa henzirani. Miguu ya vipande hivyo hucheza ndani ya mifereji iliyotobolewa katika mwanzi wa chini. Kiunzi kikitikiswa, mwanzi hugonga mwanzi na sauti hutoka. Kwa kawaida vipande vyote vya angklung moja hulinganishwa kuimba sauti ile ile, kimoja kwa chini na kingine kwa juu. Basi mwenye angklung moja mkononi hana wimbo. Ana sauti moja tu, na kazi yake ni kungoja zamu yake, asiwahi wala asichelewe. Ili wimbo upatikane, hata ule mfupi wa watoto, hapana budi wawepo wenzake.

Wenye ala hiyo hasa ni Wasunda, wakazi wa upande wa magharibi wa kisiwa cha Java. Wao ni wakulima wa mpunga, na angklung ilizaliwa shambani. Katika imani yao ya kale mpunga una mlezi wake, Nyi Pohaci Sanghyang Sri, na ngoma ya mwanzi ilikuwa njia ya kumwita ashuke aibariki mbegu. Watu wa Baduy, wanaoishi katika milima ya Kanekes, mkoani Banten, wangali wanaishika desturi hiyo. Kwao angklung si kitu cha kuchezewa wakati wowote. Hupigwa wakati wa kupanda, na mpunga ukisha kukua kwa miezi mitatu hivi, ala hutundikwa, zikakaa kimya hadi msimu mwingine wa kupanda.

Kwingineko katika nchi ya Wasunda heshima hiyo ilipungua sana wakati wa ukoloni. Husimuliwa mara kwa mara kwamba Waholanzi waliipiga marufuku kwa kuogopa isiwatie watu moyo wa vita. Iwapo ndivyo au sivyo, mwanzoni mwa karne ya 20 angklung ilikuwa imeshuka katika sehemu nyingi hata ikawa kitu cha watoto na cha ombaomba wapitao mlango hadi mlango. Utawala wa kigeni hauhitaji amri ya maandishi ili kuiua ngoma. Yatosha watoto wafundishwe shuleni kwamba muziki wa kweli ni ule wa piano. Na katika miaka hiyo hiyo wageni wengine waliiona thamani yake: mwaka 1908 ujumbe wa mwanamfalme wa Siam, nchi ambayo leo ni Thailand, ulizuru Java, na mwanamuziki Luang Pradit Phairoh akarudi nayo kwao. Inapigwa huko hata leo.

Aliyeigeuza njia yake nyumbani alikuwa mwalimu wa shule, Daeng Soetigna, aliyezaliwa mwaka 1908. Alipokuwa akifundisha katika mji wa Kuningan alivutwa na ala hiyo, akaenda kujifunza kuichonga kwa fundi mzee wa huko, na mwaka 1938 akatengeneza angklung zisizofuata ngazi ya sauti ya Kisunda, bali ile ya Ulaya, ya do, re, mi. Akawafundisha vijana wa skauti. Kwa hatua hiyo mwanzi wa kijijini ukaweza kupiga wimbo wowote duniani. Mwaka 1946, Jamhuri changa ya Indonesia ilipokuwa ikijadiliana na Waholanzi huko Linggarjati, karibu na Kuningan, angklung za mwalimu huyo zilipigwa mbele ya wajumbe. Zilipigwa tena mwezi Aprili 1955 mjini Bandung, katika mkutano wa nchi 29 za Asia na Afrika. Tanganyika haikuwamo, kwani ilikuwa bado chini ya udhamini uliosimamiwa na Uingereza, na TANU ilikuwa haijatimiza mwaka mmoja.

Wapo wanaomlaumu Daeng Soetigna. Wanasema aliiokoa ala akaupoteza muziki, maana ngazi ya Kisunda ina sauti chache na nafasi zake si zile za piano; mtoto aliyelelewa katika do, re, mi huisikia ngoma ya babu yake kama iliyokosewa. Hoja hiyo ina uzito, wala haifai kuipuuza. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba mwalimu yule hakuikuta angklung ikiwa juu ya kiti cha enzi. Aliikuta barabarani, mikononi mwa ombaomba. Mwanafunzi wake, Udjo Ngalagena, alijaribu kuzishika zote mbili: mwaka 1966 yeye na mkewe, Uum Sumiati, walifungua mjini Bandung kituo ambamo watoto wa jirani hufundishwa nyimbo za dunia na pia ngoma za Kisunda. Mwaka 1968 serikali iliitambua angklung kuwa chombo cha kufundishia muziki shuleni.

Kuhusu ugomvi na Malaysia, ukweli ni kwamba wahamiaji kutoka Java walikwenda Johor na angklung zao tangu zamani, wakazipiga katika ngoma zao. Ala hufuata miguu ya watu. Hata Indonesia kwenyewe iko Bali, na iko mashariki ya Java, na huko haikungoja ruhusa ya Wasunda.

Tarehe 5 Agosti 2023, watu 15,110 walizitikisa angklung kwa pamoja katika uwanja wa Gelora Bung Karno, Jakarta, wakaandikwa kuwa wengi kuliko wote waliopata kufanya hivyo. Mwanzi unaotumika hauongezeki kwa hesabu za uwanjani. Ule mweusi unaofaa hukatwa katika majuma mawili tu ya mwaka, wakati nyenje wanapolia, tena hukatwa pingili tatu juu ya ardhi ili shina lichipue tena. Kisha hukaushwa kwa muda mrefu kabla fundi hajaketi na kisu chake, akachonga kidogo, akagonga, akasikiliza, akachonga tena.