Paipu ya 20 inabeba nyaya ngapi? Piga hesabu kabla ya plasta

Nyumba nyingi za mjini zinapigwa wayaringi kwa paipu ya PVC ya milimita 20. Fundi anaanza na nyaya sita, mwenye nyumba anaongeza soketi ya jikoni, kisha AC ya chumbani. Zinafika kumi na mbili. Zinagoma, msaidizi anapaka sabuni, watu wawili wanavuta kwa nguvu zote, mwisho zinapita. Ila huko ndani hakuna anayeona ganda lililochubuka kwenye kona.

Hesabu yake haina ugumu. Ile 20 ni kipenyo cha nje. Pima kwa ndani, paipu nzito inatoa kama 16. Nusu yake ni 8, na 8 × 8 × 3.14 ni kama milimita za mraba 201. Nyaya zikizidi mbili, kanuni za Marekani zinataka zijaze asilimia 40 tu ya nafasi hiyo, yaani kama 80. Majedwali ya Uingereza yanaruhusu zaidi njia ikiwa fupi na imenyooka, halafu yanapunguza kadiri kona na urefu unavyoongezeka. Kwa nyumba ya kawaida, 40 ni kipimo salama cha kuanzia.

Sasa waya, na hapa ndipo wengi wanateleza. Namba 2.5 iliyoandikwa kwenye waya ni eneo la shaba peke yake. Ukiweka na ganda, unene wake unakaribia milimita 4, sawa na eneo la 12.6. Gawa 80 kwa 12.6, unapata 6. Sio 12. Paipu ya 25 yenye nafasi ya 21 ndani inabeba 11.

Waya wa 10, ule wa jiko kubwa la umeme, una unene wa kama 6.5, eneo lake 33. Kwenye paipu ya 20 zinaingia mbili. Jiko linahitaji laivu, nyutro na ethi, kwa hiyo zote tatu zikiwa za 10, hapo ni paipu ya 25, hakuna mjadala.

Kona nazo zinakula nafasi. Mafundi makini hawazidishi kona mbili za nyuzi 90 bila kuweka boksi la kuvutia katikati. Paipu ikunjwe kwa springi, na nusu kipenyo ya mkunjo kwa ndani isipungue mara 2.5 ya unene wa paipu; kwa paipu ya 20 ni milimita 50. Ile ya kukunja kwa moto bila springi ni balaa: paipu inabonyea, na 16 yako ya ndani haipo tena. Elbo kali za dukani ni rahisi kufunga, lakini ndizo zinazochubua waya.

Waya wenyewe unataka nafasi ya kugeuka. Wa 10 usikunjwe chini ya mara 3 ya unene wake, karibu milimita 20. Boksi dogo halitoshi. Marekani, kwa nyaya nene kuanzia namba 4 AWG, boksi ambalo nyaya zinakatia kona linatakiwa liwe na angalau mara 6 ya paipu kubwa inayoingia.

Halafu kuna joto. Waya wa 2.5 ukiwa kwenye paipu peke yake na mwenzake unabeba ampia 24. Weka sakiti tatu pamoja, zote zikifanya kazi kwa nguvu, jedwali la Uingereza linashusha hadi asilimia 70: ampia 16.8. Breka ya 20 itakaa kimya wakati ganda linaiva taratibu ukutani. Ndiyo maana jiko, AC na hita ya maji kila kimoja hupewa paipu yake.