Kalasinga Aliyekataa Kufukuzwa

Huku kwetu Shika Adabu si kazi kumpata binti aliyekwenda Saudia, au anayengoja viza. Chini ya kafala, kibali chake cha kuishi kule kiko mkononi mwa mwajiri. Akitoroka mateso, yeye ndiye anayehesabiwa mvunja sheria. Barazani watu husema hayo ni mambo ya Waarabu. Mie nasema kumtisha mfanyakazi kwa karatasi za uhamiaji kulifanyika hapahapa Kenya, na wapo waliogoma kwa sababu hiyo.

Januari 13, 1947, wafanyakazi kama 15,000 wa Mombasa waliacha kazi: makuli wa gatini, watu wa reli, wa mahoteli, hadi maboi wa majumbani. Mji ulisimama siku 12. Chama chao kiliitwa African Workers Federation, na kinara wake alikuwa Chege Kibachia. Agosti akakamatwa, akahamishiwa Baringo. Mkenya, kafukuzwa Mombasa kama mgeni! (Jina la mtaa wetu lingewapendeza sana wale wakoloni.)

Mwezi huohuo Makhan Singh alirejea Kenya kutoka India, akapewa amri ya kuondoka.

Aende wapi? Alizaliwa Punjab mwaka wa 1913, kweli, lakini aliletwa Nairobi akiwa na miaka 13, babake akiwa fundi wa reli. Na Agosti hiyo India ilikatwa vipande viwili, kijiji chake Gharjakh kikaangukia Pakistan. Tena serikali haikuwa na shida na Wahindi wenye maduka. Shida yake ilikuwa Kalasinga huyu aliyeanza kuongoza chama cha wafanyakazi mwaka wa 1935, akakifungulia mlango kila kabila na rangi, akatoa vipeperushi kwa Kipunjabi, Kigujarati, Kiurdu na Kiswahili. Mwaka wa 1937 waligoma siku 62 Nairobi, wakaongezwa mshahara.

Basi alikataa kuondoka, akapambana nao kortini. Mei 1, 1949, yeye na Fred Kubai wakaunda East African Trade Union Congress. Mwaka huohuo serikali ikatunga sheria mpya ya kuwafukuza wahamiaji.

Mei 15, 1950, wote wawili walikamatwa. Kesho yake Nairobi ikagoma, na mgomo ukasambaa miji mingine kwa siku tisa. Madai yalikuwa mshahara usiopungua shilingi 100, uhuru wa Afrika Mashariki, na kuachiliwa kwa Kubai, Kibachia na Makhan Singh. Hebu fikiria: Waafrika waliokuwa wakilipwa kidogo kuliko fundi wa Kihindi, wengine na madeni kwenye maduka ya Wahindi, walihatarisha kibarua kwa ajili ya Mpunjabi.

Hawakumwokoa. Kesi ilisikilizwa Nyeri, akapelekwa Lokitaung, na hakuachiliwa mpaka Oktoba 1961. Kenya huru nayo haikumpa cheo chochote cha maana hadi alipofariki mwaka wa 1973.

Mwaka wa 2014 serikali yetu ilipiga marufuku kupeleka wafanyakazi wa nyumbani Mashariki ya Kati, kisha 2017 njia ya Saudia ikafunguliwa tena. Huku kwetu KUDHEIHA huwatetea wafanyakazi wa majumbani. Saudia vyama vya wafanyakazi haviruhusiwi. Binti wa Shika Adabu akifungiwa nyumba ya watu Riyadh, hakuna chama cha kumgomea huko hata siku moja, seuze tisa.