Kutoka Mwisenge hadi Edinburgh: shahada ya Kiingereza na watoto wa Mara

Mwaka 1949 mwalimu wa miaka 27 kutoka Butiama alianza masomo katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti. Alisoma uchumi, historia, anthropolojia, sheria za katiba na falsafa ya maadili. Alisoma pia fasihi ya Kiingereza. Tukimsimulia Mwalimu Nyerere huku Mara tunakimbilia TANU, Uhuru na Azimio la Arusha, na somo hilo moja tunaliruka. Nadhani tunakosea kuliruka, maana ndani yake mna historia inayomhusu kijana wa leo wa Kiriba kuliko anavyodhani.

Kiriba ni kata ya Musoma Vijijini, pande za Ziwa Viktoria, ambako watu wanaishi kwa jembe na kwa nyavu. Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, kijana aliyesoma HKL au HGL (Historia na Kiingereza, pamoja na Kiswahili au Jiografia) anakaa kujaza maombi ya chuo. Akisema anataka kusomea Kiingereza, isimu na fasihi yake, maswali yanaanza hapo hapo. Mjomba anauliza kwa nini asisomee uuguzi. Jirani anauliza kama anataka kuwa Mzungu. Maswali hayo yana uzito, kwa sababu ada ni ya ukoo mzima na mkopo wa serikali haumfikii kila mtu. Lakini hilo la Uzungu linastahili kujibiwa kwa historia.

Tuanze na Edinburgh yenyewe. Fasihi ya Kiingereza haikuanza kufundishwa chuo kikuu Oxford wala Cambridge. Mwaka 1762 Mfalme George wa Tatu aliidhinisha Edinburgh kiti cha uprofesa wa balagha na fasihi, akapewa mchungaji Hugh Blair. Waliojaa katika mihadhara yake walikuwa vijana wa Kiskoti, watu ambao Kiingereza cha London hakikuwa lugha ya nyumbani kwao. Ufalme wao ulikuwa umeungana na Uingereza mwaka 1707, na aliyetaka kazi serikalini au heshima mjini alijifunza kuandika kama watu wa kusini. Hata mwanafalsafa David Hume alitengeneza orodha ya misemo ya Kiskoti ili aikwepe katika maandishi yake. London ilipata profesa wake wa kwanza wa lugha na fasihi ya Kiingereza mwaka 1828. Mwaka 1855 fasihi hiyo ikaingizwa katika mtihani wa wale waliotaka kuajiriwa kutawala India. Oxford ilifungua shule yake ya Kiingereza mwaka 1894, na Cambridge ikafuata mwaka 1917. Kwa hiyo somo hili lilizaliwa pembezoni, mikononi mwa watu waliokuwa na lugha yao na wakalazimika kuimudu ya pili. Naye Nyerere, kijana wa Kizanaki aliyeingia ukumbi wa Edinburgh mwaka 1949 alikalia kiti ambacho kwa asili kiliwekwa kwa ajili ya watu wa namna yake.

Njia iliyomfikisha huko ilianzia Musoma mjini. Mwaka 1934 alianza Shule ya Mwisenge akiwa na miaka 12. Mwaka 1937 akaenda Tabora, na mwaka 1943 akaingia Makerere kusomea ualimu. Desemba ya mwaka huo alibatizwa Nyegina, misheni ya Kikatoliki iliyofunguliwa mwaka 1911 hapo hapo Musoma Vijijini. Akiwa Makerere aliandika insha kuhusu uhuru wa wanawake, akachukua mawazo ya John Stuart Mill na kuyapima kwa maisha ya wanawake wa Kizanaki. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha mkono wake mapema: anasoma kitabu cha Kiingereza huku macho yakiwa nyumbani. Edinburgh alihitimu mwaka 1952 kwa M.A., ambayo kwa desturi ya vyuo vya kale vya Uskoti ndiyo shahada ya kwanza ya sanaa.

Matunda ya somo lile yalionekana baadaye, tena akiwa Ikulu. Mwaka 1963 ilitoka tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar. Hakuridhika nayo, akaipitia upya, na toleo jipya likatoka mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huo huo ikatoka Mabepari wa Venisi. Fikiria kazi iliyokuwa mezani kwa kiongozi wa nchi changa katika miaka ile, ukijumlisha Muungano, maasi ya jeshi na vijiji vya Ujamaa. Bado akapata muda wa kuhangaika na mistari ya Shakespeare hadi ikae vizuri katika Kiswahili, kisha akarudi kuihangaikia tena. Kazi ya namna hiyo hufanywa na mtu aliyefundishwa kusoma fasihi kwa makini, na akaamua faida ya mafunzo yale iende kwenye lugha ya watu wake.

Kwa kizazi chake na kilichofuata, mtu wa Tanganyika aliyetaka shahada bila kutoka Afrika Mashariki alitegemea zaidi Makerere. Chuo hicho kilifungamanishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, na mitihani ya shahada ikawa ya London. Idara yake ya Kiingereza ilikuwa na nguvu. Mwaka 1958 lilianza humo jarida la wanafunzi, Penpoint, na mwaka 1963 alihitimu hapo Ngũgĩ wa Thiong'o. Dar es Salaam ilipata chuo chake Oktoba 1961, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kikianza na sheria peke yake. Masomo ya sanaa yalianza mwaka 1964, chuo kilipohamia Mlimani.

Mwaka 1968 likatokea jambo lililotikisa idara zote za Kiingereza Afrika Mashariki. Tarehe 24 Oktoba, katika chuo cha Nairobi, Ngũgĩ, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika hoja kwamba Idara ya Kiingereza ifutwe. Hoja yao ilikuwa juu ya kitovu. Kwa nini mwanafunzi wa Kiafrika aanze na Uingereza, kisha apewe Afrika kama nyongeza? Walitaka fasihi ya Afrika, simulizi ikiwemo, iwe katikati, na nyingine zipangwe kwa kadiri ya uhusiano wake nayo. Dar es Salaam, chuo kilipojitegemea mwaka 1970, fasihi ilifundishwa na watu kama Grant Kamenju na Gabriel Ruhumbika. Ruhumbika ni mzaliwa wa Ukerewe, na riwaya yake Village in Uhuru ilitoka mwaka 1969. Mwaka 1970 pia Mlimani pakafunguliwa Idara ya Kiswahili iliyofundisha kwa Kiswahili.

Ukerewe na Musoma zinatazamana na ziwa moja, kwa hiyo namtaja na Euphrase Kezilahabi wa Namagondo bila kujiona nimetoka nje ya mada. Alihitimu Dar es Salaam mwaka 1970, akatoa Rosa Mistika mwaka 1971, na mwaka 1974 Kichomi, diwani iliyoacha vina na mizani. Watetezi wa ushairi wa jadi walimshutumu kwamba ameiga Wazungu. Mimi nasimama upande wake. Alikuwa amesoma mashairi ya kigeni, ndiyo, lakini alichokitafuta ni shairi la Kiswahili linaloweza kusema kwa sauti ya mazungumzo ya kawaida, na leo washairi wengi wanapita njia hiyo bila kuulizwa.

Hadi hapa nimesema fasihi. Lakini kwa mtoto wa Kiriba nadhani utajiri mkubwa uko upande wa isimu, ambao hausimuliwi sana.

Katika ufuko huu wa Mara zinasemwa Kijita, Kiruri na Kikwaya, lugha ndugu ambazo wataalamu wa Kibantu wamezipanga kundi moja. Mjita husema omunu kwa mtu mmoja na abhanu kwa wengi, akitanguliza irabu ambayo Kiswahili kimeiacha. Muhimu zaidi, lugha hizi zina toni: sauti kupanda au kushuka juu ya silabi ni sehemu ya neno na ya kitenzi, kitu ambacho Kiswahili sanifu hakina. Mwaka 1968 Noam Chomsky na Morris Halle walitoa kitabu kikubwa cha fonolojia ya Kiingereza, yaani mpangilio wa sauti zake, na kwa miaka kadhaa kila kitu kilipimwa kwa kanuni zake. Toni za Kiafrika zikakataa kuingia humo. Irabu inaweza kudondoka na toni yake ikabaki, ikahamia kwa jirani. Kama toni ni sifa ya irabu, ingedondoka nayo. Mwaka 1976 John Goldsmith, katika tasnifu yake huko Massachusetts, alipendekeza kwamba toni ikae kwenye ngazi yake peke yake, ikiunganishwa na silabi kwa mistari. Nadharia hiyo sasa inafundishwa dunia nzima, na mwanafunzi wa fonolojia ya Kiingereza anakutana nayo.

Ndipo anapoingia David Massamba, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1982 alikamilisha Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, tasnifu ya uzamivu kuhusu mkazo na toni katika Kiruri. Lugha ya wavuvi na wakulima wa Musoma ikawekwa mezani pamoja na nadharia mpya kabisa ya wakati ule. Mwaka 1990 Laura Downing akaandika tasnifu kuhusu toni za Kijita katika Chuo Kikuu cha Illinois. Massamba baadaye aliandika kwa Kiingereza historia ya nadharia za fonolojia, mwaka 1996, kisha akageuka na kuwapa wasomaji wa Kiswahili Kamusi ya Isimu na Falsafa ya Lugha mwaka 2004. Wanafunzi wengi wanaotumia vitabu vyake vya sarufi na fonolojia ya Kiswahili hawajui kabisa kwamba mkono ule uliwahi kushughulikia Kiruri.

Mashuleni mambo hayakwenda vizuri hivyo. Kuanzia 1967 shule za msingi zilifundisha kwa Kiswahili na sekondari ikabaki na Kiingereza. Mwaka 1982 tume iliyoongozwa na Jackson Makwetta ilipendekeza Kiswahili kiingie sekondari, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walikuta wanafunzi wengi hawana Kiingereza cha kuwatosha kujifunzia. Pengo hilo ndilo hadi leo linalowapeleka wahitimu wengi wa shahada hii darasani kufundisha, na mwaka 2005 vilianzishwa vyuo vya DUCE, Dar es Salaam, na Mkwawa, Iringa, kuandaa walimu.

Mwanafunzi wa sasa, Mlimani, Chuo Kikuu cha Dodoma au SAUT Mwanza, anapitia fonolojia, mofolojia, sintaksia, semantiki na isimu-jamii, na upande wa pili riwaya, tamthilia, ushairi na nadharia za uhakiki. Orodha yake ya vitabu ina nafasi ya Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar, aliyekuwa profesa wa fasihi Chuo Kikuu cha Kent na aliyepata Nobeli mwaka 2021. Mwaka mmoja baadaye riwaya yake Paradise ikatoka kwa Kiswahili kama Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis.

Mradi wa Lugha za Tanzania, ulioanzishwa Mlimani mwaka 2001, ulitoa atlasi ya lugha zetu mwaka 2009, na mjini Musoma wapo wanaisimu wanaoshughulikia tahajia na tafsiri za lugha za Mara. Kwa hiyo msingi upo. Ningependa vyuo vimruhusu, hata vimtake, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa Kiingereza afanye utafiti wake kwa lugha aliyonyonya kwa mama yake: arekodi ngano za Kiriba, achambue jinsi vitenzi vya Kiruri vinavyopanga wakati uliopita, alinganishe toni zake na mkazo wa Kiingereza, kisha nakala moja ya kazi hiyo irudishwe kwenye maktaba ya sekondari ya kata.