Magendo: Neno Lililobeba Uchumi wa Uganda

Mwaka 1976 gunia la kahawa lililoshuka usiku kwenye mitelemko ya Mlima Elgon lilikuwa na safari moja: kwenda Chepkube. Ni kijisoko cha upande wa Kenya, hatua chache tu kutoka mpaka wa Uganda. Watu walibeba kichwani na mgongoni, wengine wakawatwika punda, wakipita njia za panya gizani. Nyuma yao kulikuwa na amri ya mwaka 1975 ya Rais Idi Amin, iliyounda mahakama ya kijeshi ya makosa ya kiuchumi na kuruhusu mlanguzi auawe. Na bado walivuka.

Hesabu yao ilikuwa nyepesi. Julai 1975 baridi kali iliunguza mikahawa ya Paraná, Brazil, na bei ya dunia ikapaa mpaka ikavuka dola 3 kwa ratili mwaka 1977. Mkulima wa Uganda hakuionja neema hiyo. Bodi ya kahawa ilimpa sehemu ndogo tu ya bei, tena kwa shilingi ambazo hazikuweza kumpatia hata kipande cha sabuni, kwa kuwa sabuni yenyewe haikuwepo dukani. Chepkube alilipwa shilingi za Kenya, na papo hapo akarudi na sukari, chumvi na mafuta ya taa.

Miaka 5 tu kabla ya hapo Uganda ilikuwa ikijitosheleza kwa sukari. Viwanda vya Kakira na Lugazi vilitoa tani 152,000 za sukari mwaka 1968. Migodi ya Kilembe, chini ya milima ya Ruwenzori, ilitoa tani zipatazo 17,000 za shaba mwaka 1970. Shaba hiyo ilisafiri kwa reli kutoka Kasese hadi kwenye tanuru la Jinja. Kisha ikaja tarehe 25 Januari 1971. Rais Milton Obote alikuwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, jeshi chini ya Amin likatwaa madaraka, na watu wengi wa Kampala wakamiminika barabarani kushangilia.

Siku ile hakuna kiwanda kilichoungua. Ndiyo maana madhara ya mapinduzi hayaonekani upesi. Lakini aliyeingia kwa bunduki hukaa kwa ridhaa ya wenye bunduki, na hao hawashibi ahadi. Wanataka mishahara, magari, nyumba. Hazina ilipopungua, Amin alitafuta kitu kingine cha kugawa, akakipata Agosti 1972: akawapa Waasia siku 90 wawe wameondoka. Hatua hiyo akaiita Vita vya Uchumi. Makumi ya maelfu waliondoka, wakaacha maduka, mashamba na viwanda zaidi ya 5,000, na sehemu kubwa ya mali hizo ikaishia kwa maofisa wa jeshi na watu wa karibu na utawala.

Waliopewa maduka hayo waliitwa mafutamingi. Hadi leo husimuliwa kisa cha wenye maduka wapya waliotazama namba kwenye kola ya shati, 15 au 16, wakaliuza kwa bei hiyo hiyo. Shati likiisha, rafu inabaki tupu, maana mwenye duka hamjui aliyekuwa akilileta wala hana mkopo wa benki wa kuagiza jingine. Viwandani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mashine ya kusaga miwa inataka vipuri, vipuri vinataka fedha za kigeni, na fedha za kigeni zilikuwa zikipanda ndege: kahawa ilikwenda Uingereza, na kutoka uwanja wa Stansted ndege zikarudi Entebbe na wiski na bidhaa za anasa za kuwatuliza maofisa.

Kwa anayekipenda Kiswahili, historia hii ina uchungu wa pekee. Mwaka 1973 Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, lakini raia wengi walikuwa wakikisikia kwa askari kwenye vizuizi vya barabarani. Maneno kama magendo na mafutamingi, hili la pili likiwa na sarufi ya kambini isiyo ya Unguja, yakawa ndiyo msamiati wa uchumi mzima.

Mkulima naye akajiondoa. Pamba iliachwa, mahali pengi pakapandwa ndizi na mihogo, chakula ambacho hakuna bodi inayokipangia bei. Haikuwa uvivu. Ilikuwa busara ya mtu asiyejua kama kesho sheria ya leo itakuwepo.

Gharama ilivuka mpaka pia. Majeshi ya Amin yalipoingia Kagera mwishoni mwa 1978, Tanzania ililazimika kupigana vita vilivyokadiriwa kuigharimu dola milioni 500, mzigo uliouelemea uchumi wake kwa miaka mingi. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, lakini utulivu haukuja. Yusuf Lule alitawala siku 68. Akafuata Godfrey Binaisa, kisha tume ya kijeshi, kisha Obote tena, tawala 4 kabla ya mwaka 1980 kwisha. Mwaka 1981 shilingi iliachwa itafute bei yake, na dola iliyokuwa shilingi 8 hivi ikapita 70. Julai 1985 jeshi likapindua tena. Yoweri Museveni alipoingia Kampala Januari 1986, pato la kila Mganda lilikuwa limepungua kwa takriban asilimia 40 tangu 1971.

Mei 1987 serikali mpya ilibadilisha noti, ikafuta sifuri mbili na kukata asilimia 30 ya fedha za kila aliyekwenda kubadilisha. Familia ya Madhvani, iliyokuwa ikimiliki kiwanda hicho cha sukari, ilirudi Kakira, na miwa ikaanza kupandwa upya. Kule Kilembe uzalishaji wa shaba ulikuwa umesimama tangu miaka ya mwisho ya Amin. Mwaka 2013 migodi ilikodishwa kwa kampuni ya Kichina, mkataba ukavunjwa 2017, bila shaba kurudi kwenye reli ya Kasese.