Sheria Ilipovuka Ukuta wa Kiwanda

Zinapotajwa hatari za kazi, mawazo yetu huenda mara moja migodini na viwandani. Ni wachache wanaoikumbuka hospitali. Hata hivyo, mtumishi anayekata plasta ngumu ya mgonjwa kwa msumeno wa umeme, fundi anayetoboa ukuta wa wodi kwa keekee, na mtunza bustani anayefyeka majani kwa mashine, wote wameshika mikononi adui mmoja: mtetemo.

Adui huyo si mgeni. Mwaka 1911 Giovanni Loriga wa Italia alieleza madhara yake kwa wachimba migodi waliotumia vyombo vya nguvu ya upepo. Mwaka 1918 Dakta Alice Hamilton wa Marekani aliwachunguza wachonga mawe wa Bedford, jimbo la Indiana, akakuta vidole vyao vikifa ganzi na kuwa vyeupe wakati wa baridi. Mtetemo huharibu mishipa midogo ya damu na mishipa ya fahamu. Katika ngozi nyeusi weupe huo hauonekani kwa urahisi. Basi ganzi na kulegea kwa mshiko ndizo dalili za kuangaliwa. Madhara yakikomaa, mara nyingi hayaponi.

Je, sheria ilisemaje? Hebu tuwatazame jirani zetu wa Kenya. Sheria ya Viwanda ya wakati wa ukoloni, iliyoanza kutumika mwaka 1951, ilimlinda aliyekuwa kiwandani. Ni mwaka 1990 ndipo ilipopanuliwa na kuitwa Sheria ya Viwanda na Mahali Pengine pa Kazi. Kanuni za mwaka 2005 kuhusu kelele ziligusa pia mtetemo uliozidi kiasi, na mwaka 2007 ikatungwa Sheria ya Usalama na Afya Kazini. Karibu miaka 40 ilipita kabla sheria haijavuka ukuta wa kiwanda. Wala sisi Watanzania hatuna haki ya kumcheka jirani: sheria yetu ya viwanda ya mwaka 1950 ilidumu hadi ilipofutwa na ile ya mwaka 2003.

Lakini karatasi peke yake haikingi kidole. Yapasa msumeno uwe mkali na utunzwe, kazi igawanywe kwa zamu fupi, na anayelalamika ganzi apimwe mapema, asiambiwe kwamba ni uchovu tu.

Hospitali ndiyo inayotufundisha kila siku kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Na ianze kwa watumishi wake yenyewe.