Maneno ya Shaka na Uzito Wake

Mwalimu wa Kiswahili afikapo kwenye maneno ya shaka, mara nyingi huyaandika ubaoni kwa safu moja: labda, huenda, pengine, yamkini, asaa. Kisha huwaambia wanafunzi kwamba yote ni mamoja. Sisi tunaofundisha lugha hii Gisenyi, katika Wilaya ya Rubavu, twaona desturi hiyo yafaa kutazamwa upya, kwani kila neno lina historia yake na uzito wake.

Tuanze na "labda". Asili yake ni maneno ya Kiarabu yenye maana ya "hapana budi". Na hilo "budi" tunalolitumia latoka katika shina lilo hilo. Basi shina moja limetuzalia maneno mawili yanayopingana: moja la lazima, jingine la shaka. Twadhani sababu yake ni hii: aliyemwona mgeni husema tu, "Amefika." Asiyemwona, bali amesikia hodi, ndiye asemaye, "Hapana budi amefika." Mkazo wake wafichua kwamba anakisia, na kwa kukisia sana neno la yakini hugeuka kuwa la shaka.

"Yamkini" nalo ni la Kiarabu, lakini limebaki na maana yake ya jambo liwezekanalo. "Asaa", ambalo leo husikika kwa nadra, hubeba tumaini. Twasema "asaa akapona", wala hatusemi "asaa akafa" juu ya mtu tumpendaye. "Huenda" na "pengine" ni ya Kibantu: la kwanza latokana na mwendo, la pili na mahali.

Tangu mwaka 2008, Kiingereza kilipochukua nafasi ya Kifaransa katika kufundishia shule za Rwanda, wanafunzi wetu hupenda kulinganisha. Nacho kina maneno yake ya kale. Ndani ya "perhaps" mna neno la watu wa Skandinavia lenye maana ya bahati. "Perchance" na "peradventure" yalitoka Kifaransa, na sasa yamechakaa. Hilo la mwisho limo katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, pale Ibrahimu anapouombea mji wa Sodoma kwa ajili ya wenye haki watakaopatikana humo. Mwanafunzi akilikuta hapo, "asaa" lingemfaa kuliko "labda", kwa kuwa ni la kale na lina ombi ndani yake.

Kinyarwanda nacho kina "wenda" kwa jambo lisilo hakika, na "ngo" kwa habari iliyosemwa na mwingine. Hapa pana mtego. Mwanafunzi hulitafsiri "ngo" kwa "eti", kumbe "eti" mara nyingi hubeba dharau. Aliyekusudia kusema "inasemekana mwalimu ni mgonjwa" huonekana amemwita mwalimu mwongo.

Kwetu sisi tofauti hizi si za vitabuni tu. Tarehe 22 Mei 2021 Mlima Nyiragongo ulilipuka, na maelfu ya watu wa Goma wakavuka mpaka kuja Rubavu. Tarehe 27 Mei wakuu wa Goma waliamuru sehemu ya mji ihamwe, wakieleza kwamba mlipuko mwingine, wa nchi kavu au wa chini ya Ziwa Kivu, ungeweza kutokea bila dalili ya kutosha. Mlipuko huo haukutokea. Lakini onyo halikuwa uongo, kwa maana lilitaja liwezekanalo, halikutaja litakalokuwa. Onyo la namna hiyo likipita midomoni, "huenda ukalipuka" likawa "utalipuka", watu hukanyagana njiani. Likawa "eti utalipuka", watu hukaa majumbani wakicheka.

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, na matangazo ya namna hii yatazidi kuandikwa kwa lugha hii. Kwa hiyo twawashauri walimu wenzetu waiache ile safu ya ubaoni. Mwanafunzi na apewe sentensi moja, aiandike mara tano kwa maneno yale matano, kisha aeleze msikilizaji angefanya nini kwa kila moja: angefunga mizigo, angengoja, au angelala.