Taya, Kidari na Uti wa Mgongo: Historia ya Majina ya Mifupa

Miongoni mwa kazi zinazodhaniwa kuwa rahisi kwa mtunga istilahi ni kuyapanga majina ya mifupa. Kiswahili hakina uhaba wa maneno hapo: fuvu, taya, mtulinga, kidari, ubavu, pingili, kifandugu. Lakini historia ya elimu ya viungo yatuonya kwamba neno lililozoeleka laweza kuficha kosa kwa karne nyingi. Katika makala haya tunakusudia kulieleza jambo hilo kwa mifano mitatu, na wa mwisho watugusa sisi wenyewe.

Galen, tabibu wa Kiyunani aliyezaliwa Pergamon mwaka 129, aliandika vitabu vilivyotegemewa Ulaya na katika nchi za Kiislamu kwa zaidi ya miaka 1,000. Kwa kuwa katika zama zake haikuwa desturi kupasua maiti za watu, aghalabu alipasua kima na wanyama wengine, na mengi aliyoyaona humo akayahesabu kuwa ya binadamu. Hivyo alifundisha kuwa taya la chini ni mifupa miwili iliyoungana kidevuni, na kuwa mfupa wa kidari una vipande saba.

Kati ya mwaka 1200 na 1202 nchi ya Misri ilipatwa na njaa kubwa. Tabibu Abd al-Latif al-Baghdadi, aliyekuwako huko, alipashwa habari ya kilima cha al-Maqs kilichojaa mifupa ya watu. Alikwenda kukitazama. Yeye na wenzake walichunguza mafuvu zaidi ya 2,000, wakaona kuwa taya la chini ni mfupa mmoja usio na mshono. Ni kweli kwamba mtoto huzaliwa na taya la nusu mbili, lakini nusu hizo huungana katika mwaka wake wa kwanza. Ingawa al-Baghdadi alimheshimu sana Galen, aliandika kuwa ushahidi wa macho una nguvu kuliko kauli yake.

Huko Ulaya mafundisho ya Galen yalitikiswa na Andreas Vesalius, mzaliwa wa Brussels na mwalimu wa Padua, katika kitabu chake kilichopigwa chapa Basel mwaka 1543. Yeye naye alisema taya ni moja. Aidha alionyesha kuwa mfupa wa kidari una sehemu tatu, na kuwa mbavu ni jozi 12 kwa mwanamume na kwa mwanamke. Mwanamume hakupungukiwa na ubavu hata mmoja, kama wengi walivyodhani.

Makosa hayo mawili yalikuwa ya macho. La tatu ni la lugha. Waarabu waliuita ugwe uliomo ndani ya uti wa mgongo "nukhaʿ". Katika karne ya 11 Constantine Mwafrika, aliyetafsiri vitabu vya utabibu kwa Kilatini, aliliingiza neno hilo kwa umbo la "nucha". Baadaye likachanganywa na neno jingine la Kiarabu, "nuqra", lenye maana ya kishimo cha nyuma ya shingo. Mwisho wake, neno lililotaja kitu cha ndani ya mfupa likawa jina la ukosi wa shingo, na hivyo ndivyo linavyotumika hata leo. Haishangazi kwamba kufikia mwisho wa karne ya 19 majina ya viungo yalikuwa yamefika kiasi cha 50,000. Mwaka 1895, katika mji uleule wa Basel, wataalamu waliyapunguza yakawa 5,000 hivi.

Nasi je? Tunasema "uti wa mgongo", na uti ni neno la shina moja na mti: kitu kirefu kilichonyooka. Kumbe mtoto huzaliwa na pingili 33, na kwa mtu mzima, baada ya zile za chini kuungana, hubaki mifupa 26. Hilo si tatizo, kwa sababu pingili, tulizozijua katika muwa, zaeleza vizuri maungio hayo. Tatizo ni kwamba jina hilohilo twalitumia kwa mfupa na kwa kilichomo ndani yake. Tukisema "homa ya uti wa mgongo", hatusemi ugonjwa wa mifupa, bali wa tando zinazofunika ubongo na ule ugwe upitao ndani ya pingili. Mzazi asiyejua hivyo aweza kuukanda mgongo wa mtoto, ilhali dalili ziko mbele yake: kichwa kinauma na shingo imekakamaa. Kuchelewa huko kwaweza kumgharimu mtoto maisha yake.

Hatudai kuwa jina la ugonjwa huo libadilishwe; limekwisha kuenea. Twapendekeza kwamba katika vitabu vya shule na vya utabibu "uti wa mgongo" ubaki kuwa jina la safu ya mifupa, "pingili" iwe mfupa mmoja mmoja, na kile cha ndani kiitwe "ugwe wa mgongo". Hali kadhalika, mfasiri akikuta Kilatini kinaziita jozi tano za chini "mbavu za uongo", asiufuate uongo huo. Mbavu hizo ni za kweli, ila hazikufika kidarini kwa gegedu zake zenyewe: jozi tatu huegemea gegedu ya juu yake, na mbili huelea. Aandike hivyo, na mwanafunzi ataelewa.